Maswali ya Wasomaji: Baruti, Mwamba na Majirani wa Machimbo

Sehemu kubwa ya ardhi kati ya Pongwe na Amboni, mkoani Tanga, ni jiwe la chokaa, na jiwe hilo limelisha viwanda vya saruji, tanuri za chokaa na wapasuaji wa kokoto kwa miaka mingi. Tulipogusia ulipuaji wa mwamba katika toleo lililopita, barua zilizotufikia zilizidi nafasi ya safu hii. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi, na ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu jambo linaloelezwa ndani yake ndilo ninaloliogopa kuliko yote katika kazi hii.

Shikamoo Mhandisi. Mimi ni mchorongaji katika machimbo ya kokoto upande wa Pongwe. Mwezi uliopita tulilipua mstari wa matundu kwa utambi, na sote tulisikia kwamba mlio mmoja umekosekana. Msimamizi alisema malori yanasubiri, tukarudishwa kwenye jiwe muda mfupi tu baadaye. Kesho yake nikaambiwa nichoronge tundu jipya palepale penye kitako cha tundu la zamani, yaani sehemu ya chini iliyobaki kwenye mwamba baada ya mlipuko, kwa kuwa njia imekwishapatikana. Nilikataa, tukagombana. Je, nilikosea? — Mchorongaji, Pongwe

Marahaba, kijana wangu. Hukukosea hata kidogo, na ningependa msimamizi wako naye asome jibu hili.

Tuanze na kusubiri. Utambi wa usalama, ule uliobuniwa na William Bickford kule Cornwall, Uingereza, mwaka 1831, ulikusudiwa kuungua kwa mwendo unaojulikana ili mlipuaji apate muda wa kuondoka. Utambi wa siku hizi huungua kwa takriban dakika mbili kwa kila mita, lakini mwendo huo hubadilika pale ulipoingia unyevu, ulipokunjwa vibaya au ulipokandamizwa na jiwe, na zipo nyakati ambapo moto hupungua kasi ndani ya utambi, ukatambaa polepole bila moshi wa kuonekana, kisha ukaifikia fataki, kile kijineli kidogo kinachoiamsha baruti, wakati watu wamekwishakata tamaa na kuanza kurudi. Ndiyo maana kanuni za nchi nyingi zinataka watu wasubiri angalau dakika 30 pale utambi unapotumika na kunapokuwa na shaka ya tundu lililogoma, yaani ambalo baruti yake haikulipuka, na angalau dakika 15 kwa fataki nyingi za aina nyingine. Malori yanaweza kusubiri nusu saa. Ikiwa kanuni za machimbo yenu au maelekezo ya mtengenezaji yanataka muda mrefu zaidi, huo mrefu ndio unaofuatwa.

Jambo la pili ni nani anayerudi kwanza. Anayerudi ni mlipuaji mwenye cheti, akiwa na msaidizi mmoja ikibidi, huku wengine wote wakibaki nyuma ya walinzi wa njia. Hutazama kama kuna waya, mrija au utambi ambao haukuteketea, kama kuna sehemu ya mwamba iliyobaki imesimama kati ya sehemu zilizovunjika, na kama kuna mabaki ya baruti ndani ya kifusi. Wewe umesema mlihesabu milio kwa masikio. Kwa utambi, hesabu hiyo husaidia, na ni vizuri kila mmoja aihesabu kimya kimya bila kuambizana. Lakini kwa fataki za kuchelewesha, ambazo hupishana kwa sehemu ndogo sana za sekunde, hakuna sikio la binadamu linaloweza kutenganisha tundu moja na jingine, na mtu anayesema amesikia yote yamelipuka anajidanganya. Hapo yanafanya kazi macho peke yake, na mwanga wa kutosha. Ni sababu mojawapo ya kutolipua wakati jua linakaribia kuzama.

Tundu likithibitika kuwa limegoma, hakuna kuvuta waya wala utambi, hakuna kuchokoa kwa mtaimbo, na hakuna mtu wa kulisogelea ila mlipuaji. Yeye ndiye atakayeamua kama litafyatuliwa upya, kama kizibo (kokoto au vumbi lililozibia tundu) na baruti vitaoshwa kwa maji, au kama litachorongwa tundu la pembeni, sambamba na lile la zamani na kwa umbali atakaoupima mwenyewe. Uamuzi huo hautolewi na mwenye malori.

Sasa kuhusu kitako. Kitako cha tundu la zamani kinaonekana kama tundu lililomaliza kazi yake, na kinavutia kwa sababu patasi ya mashine haitelezi. Lakini chini yake panaweza kuwa pamebaki kipande cha baruti, au fataki nzima ambayo haikuwaka, na patasi inayogonga na kuzunguka huipa kila inachohitaji ili iamke. Wachorongaji wamefariki hivyo katika nchi nyingi, wakiwa wamesimama juu ya tundu walilodhani ni tupu. Kabla mashine haijawashwa, uso wote wa mwamba unapaswa kusafishwa, kila kitako kitafutwe, kipigwe rangi, na tundu jipya lianzie pembeni, kwenye jiwe zima. Uliyoyakataa yamekatazwa tangu zamani kabisa katika kazi hii. Yaandike pamoja na tarehe, mpe nakala meneja wa machimbo, na kama hatasikia, mpelekee Mkaguzi wa Migodi katika ofisi ya Tume ya Madini ya mkoa. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi nao hupokea malalamiko ya wafanyakazi.

Nimkumbuke pia dereva wa ekskaveta, kwa kuwa yeye husahauliwa. Baruti iliyogoma ikifichwa na kifusi, yeye ndiye atakayeigusa kwa meno ya ndoo, na baada yake ni mtu anayesimamia mashine ya kusaga kokoto. Hao wawili wana haki ya kuambiwa kila asubuhi kama mlipuko wa jana ulikuwa safi.

Mhandisi, salaam. Nyumba yangu ipo Kiomoni, na machimbo yanaonekana kutoka barazani. Wakilipua, vyombo hucheza kabatini, na juzi jiwe la ukubwa wa ngumi lilianguka uani ambapo wajukuu wangu hucheza. Wahusika wanasema nyufa za ukutani zilikuwepo tangu zamani. Umbali salama ni upi, na mimi nifanye nini? — Bibi wa wajukuu wanne, Kiomoni

Pole sana, mama. Umeleta mambo mawili katika barua moja, nami nitayatenganisha, kwa sababu jiwe lililoanguka uani na mtetemo wa kabatini havipimwi kwa kipimo kimoja.

Jiwe halina mjadala. Kipande cha mwamba kikivuka mpaka wa eneo la hatari, mlipuko huo ulikuwa na kasoro, hata kama hakikumgusa mtu. Nchi nyingi hutumia mita 500 kama kianzio cha umbali wa kuwaondoa watu, na mlipuaji anaweza kuuongeza kutokana na mwamba wenyewe, kipenyo cha matundu na upande unaotazamwa na uso wa jiwe. Ndani ya duara hilo hapaswi kuwepo mtu aliyejificha chini ya mwembe wala mtoto aliyesahauliwa. Kila njia, hata ile ya miguu inayokatisha shambani, iwekewe mlinzi mwenye bendera nyekundu, na mlinzi huyo asiondoke mpaka king'ora cha kumaliza kipigwe. Kama nyumba yako imo ndani ya umbali huo, wana wajibu wa kukujulisha siku na saa mapema, na kukuondoa wewe na wajukuu kila wanapolipua. Vinginevyo wapunguze baruti kwa kila tundu na kuufunika mwamba kwa mikeka mizito, kama ile inayofumwa kwa matairi chakavu.

Kwa nini mawe huruka zaidi huku kwetu? Mapango ya Amboni yalichongwa na maji yaliyoyeyusha jiwe la chokaa kwa muda mrefu mno, na maji hayo hayakuishia pale wanapopelekwa watalii. Jiwe lote la ukanda huu lina mashimo madogo, nyufa na mifuko ya udongo ambayo haionekani kutoka juu. Mlipuaji akimimina baruti kwenye tundu lililokutana na mfuko wa namna hiyo, tundu hula zaidi ya kipimo chake, na baruti hurundikana mahali pamoja karibu na uso wa mwamba. Ikilipuka, nguvu hupata njia fupi ya kutokea nje, na mawe husafiri mbali kuliko hesabu ilivyosema. Kinga yake ipo na si ya gharama kubwa. Mchorongaji aandike kila mahali patasi ilipozama ghafla au ilipotoa udongo, na mlipuaji aisome karatasi hiyo kabla ya kupakia. Wakati wa kumimina, kina kipimwe kwa kamba mara kwa mara, na pale baruti isipopanda ingawa inaendelea kumiminwa, kazi isimame, mfuko uzibwe. Kizibo cha juu kiwe cha kokoto zenye makali, zinazokabana vizuri ndani ya tundu, kwa kuwa vumbi la kuchoronga ambalo wengi hulitumia kwa uvivu hutupwa nje kirahisi. Ukikutana na wahusika, waulize swali hili moja mbele ya mwenyekiti wa mtaa: je, kumbukumbu za uchorongaji za siku ile zipo?

Mtetemo ni jambo gumu zaidi, na sitakudanganya. Mwili wa binadamu huhisi mtetemo wa milimita moja kwa sekunde, au hata pungufu, wakati kiwango kinachotumika Ujerumani kwa nyumba za kawaida, mtetemo wa mapigo ya polepole unapopimwa kwenye msingi, ni milimita 5 kwa sekunde, na kwa majengo dhaifu au ya kale ni milimita 3. Kwa hiyo vyombo vinaweza kucheza bila ukuta kudhurika. Lakini viwango hivyo vilipimwa kwenye nyumba za huko, na mimi siamini kwamba nyumba iliyokandikwa kwa udongo, au iliyojengwa kwa mawe na chokaa bila mkanda wa zege, inapaswa kuhukumiwa kwa kipimo kilekile. Chombo cha kupima mtetemo kiwekwe kando ya nyumba yako, si ofisini kwao, na matokeo uonyeshwe.

Kuhusu nyufa, anayeshinda ni mwenye kumbukumbu. Machimbo yanayofuata utaratibu hukagua nyumba za jirani na kupiga picha kabla ya kuanza kulipua. Kama hawakufanya hivyo, fanya wewe leo: weka rula kando ya kila ufa, piga picha inayoonyesha tarehe, chora alama ya penseli pale ufa unapoishia, na wewe na shahidi wa mtaa mtie saini. Rudia kila baada ya miezi michache. Ufa unaovuka alama ya penseli unaongea mbele ya mtu yeyote. Nakala za barua yako zifike Tume ya Madini na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, pamoja na ofisi ya kata.

Hukuuliza juu ya kisima, lakini nitasema. Baruti inayomwagika chini na ile isiyolipuka vizuri huacha naitreti, ambayo huyeyuka kwenye maji na kushuka kwa kasi kwenye jiwe lenye mapango. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita kwa maji ya kunywa, na wanaodhurika zaidi ni watoto wachanga wanaokorogewa maziwa kwa maji hayo. Omba maji yapimwe. Kuyachemsha hakuondoi naitreti.

Mimi ni fundi wa visima Muheza. Tumefika mwamba mgumu, na mteja anasema kuna mtu anaweza kutuuzia baruti kidogo. Kuna ubaya gani tukilipua mara moja tu? — Fundi, Muheza

Msinunue. Sheria ya Baruti ya mwaka 1963 inataka kibali cha kununua, kusafirisha, kuhifadhi na kutumia, na mtu anayeuza baruti kidogo kwa mlango wa nyuma ameitoa mahali ambapo sasa kuna hesabu iliyopungua. Lakini hata bila sheria, kisima ni mahali pabaya mno pa kulipulia. Moshi wa baruti una kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na ndani ya kisima haina pa kwenda. Fundi hushuka baada ya saa kadhaa akiona pamekauka na patulivu, akaanguka. Mwenzake hushuka kumwokoa, naye akaanguka. Tumieni jekihama, au unga wa kupasulia mawe, ule unaochanganywa na maji, ukamiminwa kwenye matundu na kuvimba polepole hadi mwamba upasuke bila mlio. Mwamba wa Muheza ni mgumu kuliko chokaa ya Pongwe, kwa hiyo utawagharimu siku kadhaa na matundu mengi. Kama ni lazima kulipua, aitwe mlipuaji mwenye cheti, mteja alipe gharama hiyo, na hewa ya kisima ipimwe kabla ya mtu kushuka.

Je, ni kweli kwamba simu ya mkononi inaweza kulipua fataki? Na radi je? — Msomaji, Kange

Hatari ya simu, redio za upepo na nyaya kubwa za umeme inahusu hasa fataki za umeme, kwa kuwa waya zake zinaweza kunasa mawimbi kama antena. Kwa sababu hiyo ncha za waya hubaki zimeunganishwa pamoja mpaka dakika ya mwisho, na simu huachwa mbali na eneo la kupakia. Fataki za mrija, zinazofyatuliwa kupitia mrija wa plastiki badala ya waya, hazina tatizo hilo, ila mimi ningeziacha simu mbali hata hapo, maana mtu anayejibu simu ameacha kutazama anachofanya.

Radi haina ubaguzi. Inaweza kufyatua aina zote za fataki, hata zilizo ndani ya tundu na zilizokwishazibwa. Wakati wa masika na vuli, msipange kupakia alasiri yenye mawingu mazito. Hesabuni sekunde kati ya mwako na ngurumo: kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Zikishuka chini ya 30, kila mtu aondoke mpaka umbali wa kulipulia, walinzi washike njia, na mwamba uachwe kama ulivyo hadi dhoruba ipite.

Mimi ni mtunza stoo ya baruti. Wenzangu hunicheka kwa kuandika kila fataki, na kuhusu magunia husema, "Hiyo ni mbolea tu." Wana haki? — Mtunza stoo, Tanga

Hawana. Hiyo inayoitwa mbolea ni ammoniamu naitreti, kiungo kikuu cha baruti nyingi za machimbo, na tarehe 4 Agosti 2020 takriban tani 2,750 zake zililipuka katika bandari ya Beirut baada ya kuwekwa ghalani kwa miaka bila uangalizi, zikaua watu zaidi ya 200. Stoo ya fataki na stoo ya baruti ziwe mbali, kila moja na kufuli zake, funguo zikae kwa watu wawili. Nyasi zifyekwe pande zote, na mafuta, betri na taa za moto zisiingie.

Hali ya hewa ya pwani inakuongezea kazi. Ammoniamu naitreti hunyonya unyevu, na ikipita nyuzijoto 32 chembe zake hubadilika umbo. Chini ya bati la Tanga joto hupanda juu ya hapo mchana na kushuka usiku, siku baada ya siku, mpaka chembe zinakuwa unga na unga unakuwa bonge. Bonge hilo halilipuki sawasawa, na ndilo huzaa matundu yaliyogoma na moshi mbaya. Weka dari, weka matundu ya hewa, inua magunia kutoka sakafuni, na toa kwanza yaliyotangulia kuingia. Bonge gumu lisivunjwe kwa nyundo. Litengwe, mlipuaji aitwe.

Ama daftari lako, mimi naliheshimu kuliko kufuli. Matumbawe ya Tanga yamepigwa kwa baruti na wavuvi haramu miongo mingi, na Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, yule samaki wa kale, iliyoanzishwa mwaka 2009 iko kwenye maji hayohayo. Baruti hiyo haiteremki kutoka mbinguni: nyingine hutoka katika stoo ambamo baruti zilizotolewa asubuhi hazikulinganishwa na zilizotumika na zilizorudishwa jioni. Wavuvi waliokatwa mikono ni ndugu zetu. Endelea kuandika, namba ya fataki moja moja, na anayechukua atie saini hata kama ndiye meneja.

Baada ya mlipuko wiki iliyopita ulitoka moshi wa rangi ya machungwa. Mwenzetu alikohoa kidogo, akasema yuko salama, akaenda nyumbani. — Mfanyakazi, Maweni

Rangi hiyo ni oksidi za nitrojeni, dalili kwamba baruti haikuungua ipasavyo, mara nyingi kwa sababu tundu lilikuwa na maji na mkatumia baruti isiyostahimili maji. Kuelekea masika, tumieni inayostahimili, au toeni maji kwanza, na msiache tundu lililopakiwa lilale.

Mwenzenu alipaswa kupelekwa hospitali siku ileile, hata kama alijisikia vizuri. Gesi hiyo inaweza kuyajaza mapafu maji baada ya saa nyingi, wakati mwingine siku moja au mbili, na aliyekuwa akicheka jioni akashindwa kupumua usiku. Kama bado anakohoa au anahema haraka mnaposoma jibu hili, aende leo, na mganga aambiwe wazi kwamba alivuta moshi wa baruti. Siku nyingine simameni upande unakotoka upepo, na moshi wa rangi ukionekana, asirudi mtu mpaka uishe kabisa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Mwanafunzi ameleta darasani kijineli kidogo cha chuma chenye kung'aa na waya mbili, alichookota karibu na machimbo. Nimekiweka kabatini. — Mwalimu, Amboni

Mwalimu, kwa maelezo hayo nachukulia kwamba hiyo ni fataki mpaka mtu mwenye ujuzi aseme vinginevyo. Ni ndogo kuliko kalamu, lakini inatosha kukata vidole na kupofua macho, na haihitaji kiberiti: joto, kugongwa au waya kuguswa na betri vinatosha. Usilifungue kabati tena, usiihamishe fataki hiyo, usiipige picha kwa karibu. Watoe watoto wote katika chumba hicho na vyumba vinavyopakana nacho, funga mlango, mweke mtu mzima nje kwa mbali, kisha piga 112 uwaeleze polisi. Mjulishe na meneja wa machimbo, ambaye anapaswa kumleta mlipuaji wake na daftari la stoo.

Mtoto aliyeileta asiadhibiwe. Ukimchapa, wengine walio nazo nyumbani watazificha. Muulize kwa upole aliiokota wapi na nani mwingine alikuwepo, kisha waeleze wanafunzi wote, ikiwezekana kwa picha utakazopewa na mlipuaji, kwamba wakiona kitu kama hicho wasikiguse, wakumbuke mahali, na wamwambie mtu mzima siku hiyohiyo.